Mgongo wa Mnunuzi wa Chumvi

Mama yangu alinitupa jalalani mchana kweupe, mbele ya majirani, na majirani wakamsaidia. Usinionee huruma. Nimeonewa huruma na masista, na mume wangu, na hakuna hata mmoja wao aliyeelewa kitu. Kutupwa kwangu kulikuwa kazi ya mapenzi, tena kazi iliyopangwa vizuri kuliko arusi nyingi nilizoalikwa.

Ilikuwa kule Wamaza, upande wa Kabambare, zama za Wabelgiji, pamba ikilimwa kwa lazima na kapita, msimamizi wa serikali, akipita mashambani na fimbo yake. Mama yangu alikuwa amezaa wengine mbele yangu, na wote walikufa wakati uleule: mtoto akiachishwa ziwa tu, homa inaingia, anazikwa. Mimi nilipoachishwa ziwa homa ikaingia vilevile. Basi bibi wa pale wakakaa kikao, wakasema mauti ya nyumba hii yanamfahamu mama huyu. Yanamsikia akisema "mutoto yangu", yanafuata sauti, yanachukua. Dawa ni moja. Mtoto atupwe, aokotwe na mwanamke wa mbali, wa lugha nyingine, ili mauti yakija kuuliza kwa Kibangubangu pasiwe na mtu wa kuyajibu.

Mwanamke wa mbali walikuwa naye tayari. Alikuwa Muzimba, mchemsha chumvi kutoka upande wa Kasongo, aliyefika kila mwaka kuuza chumvi yake. Wakanilaza juu ya ungo mbovu, penye maganda ya muhogo na majivu, naye akapita kama mtu asiyejua kitu. Akasimama. "Nani ametupa kitu hiki?" Wote wakaangalia pembeni. "Hakina mwenyewe?" Kimya. "Basi mimi naokota." Akaacha donge la chumvi pale nilipolala, ili pasibaki patupu, akanifunga mgongoni na kuondoka bila kuangalia nyuma. Mama yangu alikuwa ndani ya nyumba, amegeukia ukuta. Jina nililopewa siku ile ni la takataka. Sitaliandika hapa, lakini limeniweka hai na sina ugomvi nalo.

Sasa, kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na mama aliyeniokota alijua kwamba yule mwingine, kule ukutani, hatapata usingizi bila kujua kama nimepona. Kwa hiyo masharti yaliwekwa kabla sijatoka kijijini. Kila kiangazi, wakati wa kupika chumvi, mama yangu mzazi angekuja kwetu kama mnunuzi. Aje saa sita, jua likiwa utosini, wakati kivuli cha mtu kinaingia chini ya nyayo zake na mauti hayana cha kufuata. Akae na mgongo kwa nyumba. Asinitazame, asinionyeshe uso, na lile neno la "mutoto yangu" asilitamke. Iwe hivyo mpaka mimi mwenyewe nizae, na kitovu cha mtoto wangu kidondoke. Hapo mauti yatakuwa yameshindwa, naye ataweza kugeuka, ataweza kuniita.

Nilivikuta vitu hivi kama nilivyokuta paa la nyumba. Sikujua kwamba watoto wengine wana mama mwenye uso.

Chumvi yetu tuliitoa kwenye kinamasi. Tulikata matete na magugu, tukayaanika, tukayachoma, majivu tukayatia ndani ya mtungi wenye matundu chini na kuyamwagia maji. Maji yaliyodondoka tuliyachemsha mpaka yakakauka, ikabaki chumvi ya kijivu, chungu kidogo, tuliyoifunga kwa majani ya mgomba. Moshi wake ulikaa kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye uji. Mama wa nyumba, ndivyo nitakavyomwita aliyeniokota, alikuwa mtu wa maneno makali na mikono iliyoungua, na alinipenda kwa kunigombeza.

Kumbukumbu yangu ya kwanza ya mama mzazi ni mgongo. Alikaa juu ya gogo, kitenge kimefungwa chini ya makwapa, na chale zake nikaziona zote: mistari miwili ya vidoti ikishuka kutoka mabegani mpaka kiunoni. Nilizijua zile chale kama mtoto mwingine anavyojua pua ya mama yake. Nilikaa nyuma yake, mgongo wangu ukutani, nikazihesabu mpaka mwisho wa akili yangu ya kuhesabu, nikaanza tena.

Walizungumza Kiswahili, kwa sababu yule alikuwa na Kibangubangu chake na huyu Kizimba chake. Kwangu mimi Kiswahili kilikuwa lugha ya saa sita mchana.

"Chumvi iko?" mnunuzi anauliza.

"Iko."

"Ya mwaka huu ni kavu?"

"Ni kavu. Ilipata maji kidogo mu masika, nikaianika, ikarudi."

"Zamani ulikuwa unapima kufika kwa goti."

"Eh! Goti ni ya zamani. Sasa inafika kwa kiuno."

"Inauma ulimi?"

"Aka! Inauma sana. Ukiigusa inakujibu."

Hapo mnunuzi anacheka, mabega yanatikisika, na chale zinatikisika nayo. Kisha anaonja, ncha ya ulimi tu, anapiga kidoko: tsk! Mpaka nilipokuwa msichana mkubwa kidogo ndipo nikagundua kwamba chumvi ni mimi. Nilikasirika kweli. Maji ya masika yalikuwa homa yangu, na kuuma ulimi ni uongo, mimi sikuwa najibu wakubwa hovyo. Mwaka mmoja walisikitika pamoja kwamba chumvi imekuwa ya kumwagika, haikai ndani ya mtungi. Nilikuwa nimetoroka shule ya misioni.

Kazi yangu ilikuwa maji. Nilipeleka kikombe cha bati mpaka nyuma yake, yeye akarudisha mkono nyuma bila kugeuka, nami nikakiweka mkononi. Vidole vyake vilifunika vyangu, vikakaa. Kidole chake kidogo kilikuwa kimepinda, kimevunjika zamani na kupona vibaya. Alikunywa taratibu mno, mtu mwenye kiu hanywi hivyo. Alipomaliza akarudisha kikombe kitupu kwa nyuma, na vidole vikanishika tena. Basi, mpaka kiangazi kingine.

Kile kimya cha saa sita sikukipenda. Kuku waliingia chini ya ghala. Moto wa chumvi wenyewe uliwaka bila kelele, na jua lilipiga kiasi kwamba mtu, gogo, mtungi, vyote havikuwa na kivuli, vimewekwa tu pale juu ya udongo. Ndugu yangu wa ile nyumba, mwana wa kuzaliwa, alinitania. "Mama yako hana uso. Mimi niliona. Mbele nako ni mgongo." Nilimpiga ngumi, lakini maneno yalikuwa yameingia.

Kiangazi kimoja nikajifanya mjanja. Mnunuzi alipokuwa anafungiwa chumvi yake, mimi nilitoka kwa nyuma, nikazunguka shamba la muhogo na kujificha kwenye nyasi ndefu pembeni ya njia ya Lusangi, aliyopita kurudi kwao. Nilitaka uso tu, basi. Nikasikia miguu. Nikachungulia. Alikuwa ameteremsha kikapu kutoka kichwani, amekishika mbele ya uso wake, anatembea hivyohivyo kama kipofu, akiipapasa njia kwa vidole vya miguu.

Alifika pale nilipokuwa akasimama. Sikuwa nimetikisika. Nyasi zilikuwa zimetulia. Nikasikia pumzi yake inakatikakatika nyuma ya kikapu, sijui alikuwa analia, sijui alikuwa anacheka. Kisha akachuchumaa, kikapu bado usoni, na kwa mkono mmoja akaweka karanga za kuchemsha juu ya jani, upande wangu, karibu na goti langu. Akainuka akaenda zake, akipapasa. Nilizila zile karanga. Mpaka leo sijui alijuaje.

Kesho yake homa ikanishika. Mama wa nyumba alinijia na kijiti cha moto mkononi.

"Uliona uso yake?"

"Hapana."

"Unasema kweli? Usiniulie mutoto!"

"Alijifunika na kikapu."

Akakaa chini palepale, kijiti kikazima mkononi mwake. "Aksanti Mungu. Mama yako iko na akili kukupita, wee mwenye kichwa ya kinu." Homa iliondoka. Tangu siku ile sikucheza tena na masharti, maana nilikuwa nimeyasikia yakipita mwilini mwangu.

Watu wa kuhesabu watu nao walikuja. Mzungu wa teritwari, mtawala wa wilaya, alikaa chini ya mwavuli, karani wake kwenye meza ndogo, sisi tumepangwa juani. Karani alikuwa mgeni, wa mbali, na alituona wote washenzi.

"Huyu mutoto ni wa nani?"

"Wa jalala," mama wa nyumba akajibu, ukweli mtupu.

"Sikuuliza upuuzi. Nani mama yake?"

"Alitupwa. Mimi niliokota."

Karani akamtafsiria mzungu, na mzungu akasimama. Mwanamke anayetupa mtoto anafungwa, akasema, ataje jina na kijiji. Nilimwona mama wa nyumba akiangalia juu. Jua lilikuwa utosini. Kulitaja jina la mama yangu pale, kwa sauti, mbele ya umati, ilikuwa kuyafungulia mauti mlango na kuyaonyesha kitanda changu.

"Jalala ni mimi," akasema. "Andika."

Watu wakacheka. Mzungu hakucheka. Alimtia buloko, jela yao, kwa kosa la dharau, akatoka huko na kikohozi ambacho hakikumwacha, na lile jina hakulitaja.

Halafu kikaja kiangazi ambacho mnunuzi hakutokea. Nilichota maji kila siku jua likipanda, nikakaa ukutani, nikaangalia gogo tupu. Nikaambiwa njia ya Kabambare imefungwa, kuna ugonjwa wa malale, wauguzi wa serikali wanashika watu na kuwachoma sindano, hakuna mtu kupita bila karatasi. Ilikuwa kweli, wengi walisema hivyo. Mama wa nyumba alimwekea fungu zuri kuliko yote, amelitundika juu ya moshi.

Siku moja akapita mwanaume mwenye mzigo wa pamba kichwani, akitoka huko. Hakuomba hata maji. Alimwita mama wa nyumba nyuma ya jiko, wakasemezana kwa sauti ya chini, akaondoka. Mama wa nyumba alirudi, akautazama mtungi wa chumvi uliokuwa unachemka, akamwaga maji juu ya moto. Chumvi ya kazi ya siku nyingi, akaiua. Sikuwahi kumwona akipoteza hata punje moja. Kisha akachukua wembe, akanyoa kichwa chake mwenyewe, chote. Kisha akaniita.

"Njoo. Uko na chawa."

"Sina chawa!"

"Nimesema uko nayo."

Alinilowanisha kichwa kwa maji ya vuguvugu. Mwanamke yule hakuwa mtu wa kubembeleza, alikuwa anatusugua kama anasugua sufuria. Siku ile mkono wake ulipita kichwani mwangu polepole, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na wembe haukunikwaruza hata mahali pamoja. Ndugu yangu hakunyolewa. Nikauliza, na huyu? Yeye hana, akajibu. Hana vipi, nasi tunalala mkeka mmoja, chawa wanajua mpaka? Nywele zangu na zake alizifunga pamoja ndani ya jani akazifukia nyuma ya nyumba. Shuleni walinicheka kipara mpaka zikaota upya, na nilimchukia kwa hilo.

Kiangazi kilichofuata mnunuzi alirudi.

Alikuja saa sita na kukaa juu ya gogo, mgongo kwa nyumba. Alikuwa amevaa blauzi ya mikono mirefu, imefungwa mpaka shingoni. Sikuziona chale. Nikajiambia ni masista, kwani walikuwa wanawafundisha wanawake wote kujifunika.

"Chumvi iko?" Sauti ileile, ya puani kidogo.

"Iko."

Alinyamaza mpaka mama wa nyumba akakohoa. "Huulizi kama ni kavu?"

"Ni kavu?"

"Kavu kabisa."

Fungu likafungwa. Hakuonja. Mnunuzi gani wa chumvi haonji? Nikapeleka maji, mkono ukarudi nyuma, nikaweka kikombe, vidole vikafunika vyangu. Kidole kidogo kilikuwa kimenyooka.

Alipoondoka tu, nikamvaa mama wa nyumba. "Mama, kile kidole kimenyooka!"

"Vidole vinanyooka."

"Vidole havinyooki!"

"Basi wee ndiye daktari."

"Yule ni mama yangu?"

Akaacha alichokuwa anafanya. Akalamba kidole, akakigusa udongo na kukielekeza juu. "Yule ni mama yako. Nikisema uongo, chumvi inigeukie sumu." Nilimfahamu mwanamke huyu. Angeweza kukuongopea bei, angeweza kukuongopea chawa, lakini kiapo cha udongo hakukichezea kamwe. Nikakubali. Ila nilianza kupeleka maji nikiwa nimekaza meno.

Miaka ikaenda. Mama wa nyumba akazeeka mbele ya macho yangu, kikohozi kikampinda, nywele zikawa nyeupe. Mgongo wa mnunuzi haukupinda. Ulikuja umenyooka, miguu myepesi, ukakaa juu ya gogo, ukaondoka. Nilipokuwa na matiti tayari niliutazama nikaona kiuno chembamba kuliko changu. Mama yangu alikuwa amezika watoto kabla sijazaliwa. Umri wake ulikuwa umekwenda wapi?

Majirani nao walikuwa na macho. Chumvi ya duka ilikuwa imejaa Kasongo nzima, nyeupe, rahisi, na sisi tu ndio tuliobaki na matete yetu. "Yule mwanamke anafuata nini huku mbali?" wakaulizana kisimani, nami nasikia. "Anakuja saa sita, hana kivuli. Hazeeki." Na mmoja, mwenye ulimi kuliko wote, akasema, "Mzimu hauli chumvi. Mulishaona anaionja?" Nilijitwisha maji yangu na kuondoka, na maji yalinimwagikia njia nzima. Kwa sababu nilijua. Hakuwa ameonja, kiangazi baada ya kiangazi, tangu siku ya blauzi.

Walikuja kumwambia mama wa nyumba amkataze. Aliwafukuza na mwiko wa chumvi mkononi, akiwatukana kwa Kizimba na kwa Kiswahili. Mimi sikujua niwe upande gani. Nilimtaka mama yangu, nilitaka uso, nilitaka aseme lile neno walau mara moja nilisikie. Na hapohapo nilikuwa namwogopa. Nilisema moyoni: siku akigeuka, pengine ndugu yangu alisema kweli, pengine mbele nako ni mgongo.

Niliolewa na mshonaji wa Kasongo, mtu mpole wa msikitini, aliyenionea huruma kama nilivyosema. Mimba ilipokaribia nilirudi kwa mama wa nyumba, nikazaa msichana. Nilikitazama kitovu chake kama wengine wanavyotazama sufuria ya maziwa jikoni. Kilipodondoka, mama wa nyumba alikifunga kwenye kitambaa, akatuma maneno Wamaza kwa watu waliokuwa wanapita. "Mwambieni mununuzi chumvi iko tayari."

Miaka yote nilikuwa nimejiandaa kwa uso wa mwanamke mzee. Nilikuwa nimeuchora kichwani: mikunjo, meno machache, macho mekundu ya kulia. Nilikuwa nimepanga hata mahali nitakapoushika kwa mikono miwili.

Akaja saa sita. Kuku wakaingia chini ya ghala. Akakaa juu ya gogo, mgongo kwetu, blauzi imefungwa mpaka shingoni.

"Chumvi iko?"

"Iko," mama wa nyumba akasema. "Sasa iko mafungu mawili."

Mabega ya yule yakatikisika.

"Geuka," mama wa nyumba akasema. "Imekwisha. Geuka."

Akageuka.

Ulikuwa uso wa msichana. Sisemi uso wa mtu aliyetunzwa vizuri, nasema msichana, mkubwa wangu kidogo tu, ngozi laini, meno yote kinywani, na ulikuwa na pua yangu. Nilimshika mtoto wangu kwa nguvu mpaka akalia. Maana wafu hawazeeki, kila mtu anajua. Wanabaki na umri waliokufa nao.

"Mzimu!" nikapiga kelele. Palikuwa na chumvi kwenye ungo mbele yangu. Nikachota na kumrushia usoni.

Hakukimbia. Alifumba macho na mdomo, machozi yakamtoka kwa ule ukali. Kisha akajifuta midomo kwa pindo la kitenge, kwa uangalifu, kona hii na kona ile, asionje hata punje. Ndipo akasema, "Mimi ni mama yako."

"Mama yangu ni mzee! Wee ni nani?"

"Ni mama yako," mama wa nyumba akasema nyuma yangu. "Mama mudogo."

Mdogo wa mama yangu. Na katika Kiswahili chetu, na katika Kizimba, na katika Kibangubangu, dada wa mama ni mama, hana jina jingine. Kiapo cha udongo kilikuwa cha kweli. Nilikuwa nimeuliza "yule ni mama yangu?" na nikajibiwa vizuri, tena mbele ya Mungu. Nilikasirika, nawaambia, nilikasirika mpaka maziwa yakagoma kutoka. Nilimtukana mama wa nyumba kwa maneno yaleyale aliyonifundisha mwenyewe. Akayapokea yote, akikohoa.

Mama mdogo akasubiri nimalize. Kisha akasimulia, kwa kifupi. Kiangazi kile ambacho gogo lilikaa tupu, dada yake alikuwa na mimba. Alisema akijifungua atakuja. Hakujifungua, alikufa na mtoto tumboni. Kabla ya kukata roho alimwita yeye, aliyekuwa ndiyo kwanza anaota matiti, lakini sauti yao moja.

"Akaniambia, chumvi isikose mununuzi. Mununuzi akikosa, mauti itauliza: nani alikuwa ananunua ile chumvi, na sababu gani? Itafuata njia mpaka kule. Enda wewe. Mutoto asijue, akilia watu watasikia. Na neno yangu uichukue. Siku ya kitovu umupatie."

"Na mbona huonji?" Ndilo lililonitoka. Ndivyo ubongo ulivyo.

"Neno ilikuwa mu kinywa. Nilijiwekea mwiko. Nikionja chumvi yenyewe mbele ya siku, niliona nitaiharibu."

"Nipatie basi," nikasema, bado kwa ukali.

Akatikisa kichwa. "Si hivi. Dada hakukuona uso, nawe hukuona yake. Kaa pale. Geuka."

Nikakaa juu ya gogo. Nikageuza mgongo kwa nyumba, mtoto wangu mapajani, nikatazama njia ya Lusangi. Hatukuwa na kivuli, mimi wala mtoto. Nyuma yangu nilisikia mtu anavuta pumzi, ikakatikakatika, kama ile ya nyuma ya kikapu. Mkono ukaja ukakaa begani mwangu. Sikukiangalia kidole chake kidogo.

"Mutoto yangu," sauti ikasema, ya puani kidogo.

Sijui nilikaa pale kiasi gani. Nilipogeuka, mama mdogo alikuwa amechuchumaa mbele ya ungo, analia, na kwa ncha ya ulimi alikuwa anaonja chumvi. Akapiga kidoko.

Nikamwendea mama wa nyumba. Hasira ilikuwa imeniisha, kilichobaki ni kilio tu, na nilitaka kukilia kwa utaratibu wake. Kwetu mtoto hajamzika mama yake mpaka amenyolewa.

"Leta wembe," nikamwambia. "Nimlilie mama yangu."

Akaniangalia. Akapeleka mkono wake ulioungua kichwani mwangu, akaupitisha polepole, kama siku ile ya maji ya vuguvugu.

"Ulishanyolewa," akasema. "Mimi na wewe, siku moja."